Bandari ya Uyole

"Wananchi wote wa Mbeya na Iringa mnatangaziwa kwamba mwaka 1773 umefika."

Ndivyo lilivyosomeka tangazo lililobandikwa Jumatatu kwenye mlango wa Kitengo cha Kuzuia Matukio ya Dunia, pale Iyunga, kando ya barabara kuu. Chini yake palikuwa na mhuri, na chini ya mhuri palikuwa na jina la Sosthenes Kalinga, Kaimu Mkuu wa Kitengo. Wapita njia walisoma, wakatazama simu zao kuhakikisha, wakaendelea na safari.

Kazi ya Kitengo ilikuwa nyepesi kueleza. Kila baya lililowahi kutokea duniani laweza kutokea tena, na likitokea tena, hakuna sababu lisitokee Mbeya. Kwa hiyo Kitengo kilipewa jukumu la kuyapitia matukio ya dunia kwa foleni, mwaka mmoja wa historia kwa kila mwaka wa fedha, na kuhakikisha hakuna hata moja linalojipenyeza Nyanda za Juu. Kilianzia 1770 kwa sababu mafaili ya kabla ya hapo yalikuwa yamehifadhiwa chini ya bomba, na bomba likapasuka.

Miaka ya mwanzo ilipita salama. Kwa mfano, mwaka 1772 watawala watatu wa Ulaya walijikatia vipande vya nchi ya jirani yao kama watu wanaogawana kilo ya kitimoto. Sosthenes aliweka mlinzi Chimala, na hadi leo hakuna aliyeigawana Chimala.

Pamoja na mafanikio hayo, alibaki kaimu. Kaimu hukalia kiti lakini hakiegemei. Kibao cha mlangoni kiliandikwa KAIMU kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa kuliko jina lake, na mkewe kule Iringa alikwishaacha kuwatajia watu cheo cha mumewe. Alisema tu kwamba yuko serikalini. Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Benjamini, alimwita ofisini, akamwonyesha kopo la petroli na kitambaa, akamwambia kwamba 1773 ikienda vizuri mbele ya mgeni rasmi, neno lile litafutwa siku hiyo hiyo.

Sosthenes akauvaa mwaka 1773 kama suti ya harusi.

Alianza na Urusi, ambako mtu mmoja alizuka akidai kuwa ndiye mfalme aliyekwisha kuzikwa, na watu wakamfuata kwa maelfu. Sosthenes aliagiza wafu wote wanaolipwa mshahara katika kanda wafike ofisini na vitambulisho vyao. Hawakufika, na hilo likahesabiwa kuwa ni utulivu. Mwaka huo huo nahodha mmoja wa Kiingereza alisafiri kusini mpaka akakuta bahari imeganda. Wakazi wa Kitulo wakaagizwa kuvaa masweta, agizo ambalo walikuwa wakilitekeleza tangu kuzaliwa. Huko Guatemala tetemeko la ardhi liliangusha mji mzima. Ardhi ya Mbeya, ambayo ina mazoea ya kutikisika bila kibali, ilipewa onyo la kwanza.

Likabaki tukio moja tu, nalo lilimtoa jasho. Katika mji wa Boston, Amerika, wakati huo koloni la Waingereza, wakubwa walikuwa wameng'ang'ania ushuru wa chai. Wananchi wakagoma. Mwezi wa Desemba wakapanda melini na kuitupa chai yote baharini.

Sosthenes alikunja karatasi, akatazama dirishani kuelekea mashariki. Kule Uyole, kila lori linaloenda Tunduma na kila basi la alfajiri lilisimama kunywa chai. Na chai hiyo ilipikwa na wanawake, na wanawake hao walikuwa na ndimi.

Kamati iliketi. Bwana Benjamini ndiye aliyeligundua tatizo la kitaalamu. Alisema huwezi kuthibitisha kwamba umezuia hasira ya ushuru mahali ambapo ushuru wenyewe haupo. Basi ikaamuliwa ushuru uwekwe kwa muda, kwa nia njema, ili hasira ipate mahali pa kutozuka. Ungelipwa kwa chai yenyewe, birika zima kwa kila muuzaji kila asubuhi. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba tukio lile lilihitaji bandari, na Mbeya haina bahari. Bwana Benjamini akamjibu kwamba hiyo ni changamoto, si sababu. Bandari ingechimbwa, na mahali pafaapo ni pale Uyole, chini ya turubai la wauza chai, maana hapo ndipo chai ilipo.

Sosthenes alitumwa kuwaarifu wahusika.

Wahusika walikuwa na mwenyekiti wao, mama mmoja wa Kilolo aitwaye Verediana, ambaye aliweka benchi lake pale wakati Uyole ingali na miti mingi kuliko watu. Benchi hilo lilisomesha wanawe, na sasa lililisha wajukuu. Kando yake alikaa Minza, ambaye wazazi wake waliteremka na ng'ombe kutoka Usukumani hadi bonde la Usangu. Maziwa yote ya chai ya Uyole yalipitia mikononi mwake, na maneno mengi pia.

"Kamwene, mama," Sosthenes alisalimia kwa Kihehe, lugha ya kwao.

"Kamwene, mwanangu. Keti, chai iko jikoni."

Hakuketi. Agizo la serikali halisomwi mtu akiwa amekaa. Alisoma habari ya Boston, ya mfalme na meli, akasoma habari ya ushuru na bandari. Wakati wote huo alijitahidi asitazame juu, kwa sababu lile turubai la buluu alilijua. Ndilo lililowakinga na mvua kule Ilula walipomzika baba yake.

Verediana alisikiliza hadi mwisho, akageuza andazi kwenye mafuta.

"Hiyo bandari itapokea meli za wapi?"

"Si ya meli, mama. Ni ya zoezi."

"Na sisi tutakaa wapi, kaka?" aliuliza Minza. "Kwenye maji?"

Sosthenes alieleza kwamba wametengewa eneo mbadala, zuri, lenye hewa, kule nyuma ya mashamba ya utafiti. Minza akasema analijua vizuri eneo hilo. Gari pekee linalosimama kule ni lililoharibika. Verediana alimmiminia Sosthenes kikombe, akamwekea mkononi, na kwa kuwa kumrudishia mama wa kwenu kikombe ni tusi, Kaimu Mkuu alikunywa akiwa amesimama, akaungua ulimi, akarudi Iyunga kuandika kwamba wahusika wameridhia.

Sasa akatafutwa mchimbaji. Wachimbaji wa Chunya walifuatwa, wakauliza kama pana dalili ya dhahabu. Walipoambiwa ni bandari, wakakata simu. Kundi pekee lingine lililosajiliwa na kanda kwa kazi ya kuchimba lilikuwa la vijana wa makaburini. Hao walikubali mara moja. Waliuliza vipimo tu. Afisa Ugavi, ambaye hajawahi kuona bandari, aliwaambia watumie uzoefu wao.

Wakautumia.

Asubuhi ya zoezi bandari ilikuwa tayari. Ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kulala na kunyoosha miguu, nyembamba, kina chake kifuani, kingo zimenyooka kwa ufundi. Udongo ulirundikwa upande mmoja, na juu yake makoleo mawili yamechomekwa. Bwana Benjamini aliizunguka akiwa ameweka mikono nyuma. Alisema ni ndogo, lakini kila bandari kubwa ilianza hivyo.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Vitus, alikuwa njiani akitokea Iringa, amekwama nyuma ya malori mahali fulani. Itifaki inaruhusu zoezi kuanza bila mgeni rasmi ili akifika apongeze. Watumishi wakajipanga pembeni mwa shimo katika suti nyeusi, kwa vile waraka ulisema mavazi yawe ya heshima. Wanawake wa chai walisimama upande wa pili, kila mmoja na birika lake la ushuru, na nyuma yao madereva, makondakta, wabeba viazi, na yeyote aliyekuwa na dakika ya kupoteza Uyole, yaani Uyole nzima.

Kwa kuwa wananchi wakiachiwa kumwaga wanaweza kuzidisha, ilipangwa kwamba serikali ndiyo imwage.

Bwana Benjamini alisoma historia fupi ya chai. Alisema chai ililetwa nchini ikiwa ingali changa, ikalelewa Mufindi na Rungwe, ikakua vizuri. Maishani mwake ilimhudumia kila mtu bila kubagua, tajiri kwa maskini, mgonjwa kwa mzima. Ilipenda ushirikiano. Mpaka asubuhi hii ilikuwa ingali kazini. Baada ya maneno hayo alimpa Sosthenes ishara.

Sosthenes alilipokea birika la Verediana. Jua la Uyole lilikuwa likimchoma macho, akainamisha kichwa. Akamimina. Chai ilishuka taratibu, ikapiga udongo mwekundu, na mvuke mweupe ukapanda kutoka shimoni, ukampita usoni, ukaenda zake juu.

Injini za malori zikazimwa.

Verediana alilitazama shimo. Akatazama suti nyeusi, akatazama makoleo, akamtazama Kaimu Mkuu aliyeinamisha kichwa. Kisha akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Nyanda za Juu angelifanya akiwa amesimama mahali kama hapo. Akavua kanga begani, akajifunga kiunoni, akainama, akachota udongo kiganjani, akautupia shimoni.

Minza akapiga yowe.

Wenzao wakapanga foleni. Kila mmoja alimwaga birika lake, akatupia udongo, akapisha mwenzake, akaenda kulia. Aliyeanza kuimba wala hakujulikana. Ghafla sauti ya tatu iliingia, ya nne ikaidaka, kwa sababu huku bara ukikusanya Walutheri wachache tayari umeshaanzisha kwaya. Wabeba viazi wakavua kofia. Vijana wa makaburini, watu wa kazi zao, wakachomoa makoleo na kufukia.

Msiba hauombi kibali. Kabla Bwana Benjamini hajafunga faili, mabenchi yalikuwa yamegeuzwa, mikeka imetandikwa, majiko yamewashwa, na mtu amefunga tawi barabarani kuashiria magari yapunguze mwendo. Malori yalipunguza. Madereva walishusha vioo, wakatoa pole.

Bwana Benjamini aliita mgambo waje kutawanya watu. Mgambo wakaja, wakaona mikeka, wakavua kofia, wakauliza kuni zinatoka wapi.

Akamtafuta mtu wa kusaini amri ya kuvunja matanga. Afisa Sheria alikumbuka ghafla kuwa ana shangazi mgonjwa. Afisa Ugavi alisema kalamu yake haiandiki kwenye misiba. Maana kila mtumishi pale, awe na shahada au asiwe nayo, alijua kwamba siku moja kwao patalia, na siku hiyo anayekuja si waraka. Mkurugenzi akamgeukia Sosthenes, akamshika bega, akamwambia polepole kwamba kopo la petroli liko ndani ya gari, na kitambaa kiko ndani ya gari, na kilichobaki ni yeye kwenda pale kuwaambia wale kina mama wakunje mikeka.

Sosthenes alivuka kichuguu cha bandari, akachuchumaa mbele ya Verediana.

"Mama, hapa marehemu ni nani?"

"Umemzika mwenyewe, mwanangu, unaniuliza mimi?"

"Ni chai, mama. Mkurugenzi anasema chai haifi."

"Basi akamfukue."

Verediana alimvuta karibu, na sauti yake ikashuka, haikuwa tena ya mzaha.

"Sikia, Kalinga. Siku ile Ilula mvua ilitukuta chini ya turubai hili hili. Sufuria alilishika nani? Mimi na huyu Minza. Wenzako wa ofisini walituma salamu. Leo wewe umefiwa tena, tumekuja. Sasa unataka tuondoke twende wapi?"

Sosthenes aliangalia nyuma. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kitambaa kikipepea mkononi mwake kama bendera ndogo. Sosthenes aliona akilini mlango wake wa Iyunga, kibao kisafi, na mkewe akilitaja jina la cheo mbele ya watu wa kanisani. Aliyaona yote hayo waziwazi. Kisha akaliona turubai.

Akavua viatu, akaketi mkekani. Verediana akampa kikombe cha chai, maana hakuna msiba usio na chai.

Ndipo gari la Mheshimiwa Vitus likafika.

Mheshimiwa alikuwa na mkasi mfukoni wa kukata utepe wa bandari. Lakini mwanasiasa mzoefu akiona turubai, mikeka na akina mama waliojifunga kanga, mwili wake humtangulia. Kofia ilitoka kichwani yenyewe. Uso ukaanguka. Akapita akishika mikono, pole mama, pole sana, pole mwanangu, jamani kazi ya Mungu, mpaka akafika katikati, akaketi chini kwa kishindo na kuguna. Ndipo akamwinamia Sosthenes.

"Tumempoteza nani?"

"Chai, mheshimiwa."

Mheshimiwa alifikiri. Lakini alikwisha kuguna, na kuguna kwa msibani hakurudishwi. Macho yote yalikuwa kwake.

"Nilimfahamu marehemu," alisema, na sauti ikakatika vizuri. "Kila asubuhi tulikuwa pamoja."

Akina mama wakaitikia kwa kilio. Mheshimiwa akapata moto. Alisimama, akasema pengo hili halitazibika. Akasema yupo mtu ameufikisha msiba huu hapa, na mtu huyo atatafutwa popote alipo, hata akiwa amesimama karibu na gari. Bwana Benjamini akafunga mlango wa gari taratibu na kuanza kusogea kwenye mikeka.

Hapo Minza akainuka. Tangu familia yake ihamie Usangu alikuwa amejitangaza mtani wa Wahehe wote, na hakuna aliyewahi kumpinga, kwa sababu kumpinga kungechukua siku nzima. Na mtani akiwa msibani hakasirikiwi. Alimvua Mkurugenzi koti, akalivaa, likamfika magotini, akaweka mikono nyuma na kuanza kukagua wafiwa.

"Ninyi mnalia kwa kibali cha nani? Kuanzia leo chozi lina ushuru. Jicho la kulia linalipia Mbeya, la kushoto linalipia Iringa. Asiye na chozi achimbe bandari."

Watu walicheka mpaka wakalaliana. Mheshimiwa alicheka. Kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa amecheka, Bwana Benjamini naye alicheka, kwa mujibu wa itifaki.

Mheshimiwa alipofuta macho, alitamka kwamba kwa mila na desturi zetu ni marufuku kuwahamisha wafiwa kutoka msibani, na ni dhambi kuwatoza ushuru. Benchi, jiko na turubai vikae hapo hapo mpaka matanga yaanuliwe. Afisa Sheria, ambaye shangazi yake alikuwa amepata nafuu, aliandika haraka. Mtu akauliza matanga yataanuliwa lini. Mheshimiwa akasema hilo ni la wafiwa, serikali haiingilii. Verediana alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema marehemu alikuwa na ukoo mkubwa, wengine wako mbali, na haiwezekani kuanua kabla hawajafika wote.

Kisha kamati ya msiba ikagawa kazi, kama ilivyo ada, na katika msiba hakuna mkubwa. Mheshimiwa alipewa kumenya viazi, akatumia mkasi wake. Mgambo walipewa maji. Bwana Benjamini alipewa kuni, akaelekezwa lundo lilipo. Verediana akafika kwa Sosthenes.

"Kalinga, wewe kamati imekupa ukuu wa vikombe. Kuosha, kupanga na kugawa."

"Kukaimu, mama?"

"Kukaimu kwa nani? Wewe ndiye mkuu."

Alikunja mikono ya shati. Aliketi nyuma ya beseni kubwa la maji ya moto, juu ya kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaegemea. Kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu habari za msiba zilifika hadi Makambako na mabasi yote yalisimama kutoa pole, na kila aliyetoa pole alikunywa chai, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kunywa chai ya wafiwa bila kuacha chochote cha rambirambi kwenye sahani.

Jua lilipoegemea mlima, Bwana Benjamini alikuja na majani ya mkaratusi kichwani na magome kwenye tai. Alisogea karibu na beseni, akanong'ona. Ripoti ya 1773 ilitakiwa kesho, na alitaka tu kujua, baina yao wawili, kule Amerika mambo yaliendaje baadaye.

Kanuni za Kitengo zinakataza kufungua mwaka ambao zamu yake haijafika. Lakini Sosthenes alikuwa amechungulia.

"Mwaka uliofuata bandari ilifungwa."

Mkurugenzi alitazama kichuguu kilichofukiwa vizuri, akakubali kwamba hilo limeshatekelezwa kabla ya wakati. "Na baada ya hapo?"

"Miaka michache tu. Wakubwa wakafungasha mizigo, wakapanda meli, wakarudi kwao."

Bwana Benjamini aligeuka, akaitazama Uyole nzima, polepole, kama mtu anayetafuta meli. Palikuwa na malori ya Tunduma, magunia ya viazi, na wanawake wakiimba chini ya turubai. Koo lilikuwa limemkauka kwa kubeba kuni. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Sosthenes akakisogeza kikombe pembeni, kwa heshima zote.

"Foleni, Mkurugenzi," alisema. "Inaanzia kule nyuma, kwenye bandari."